Mama Mkwe Ndani ya Simu ya Seline

Jeconia Oketch alishika simu kwa mikono miwili. Mkono mmoja chini, mwingine ubavuni, kichwa kimeinama, kama mtu aliyepewa uji wa moto kwenye bakuli. Akitaka kubonyeza kitu, kwanza aliilaza magotini, akabonyeza kwa kidole cha shahada, kisha akaiokota tena kwa mikono miwili.

Simu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mke wake, Seline.

Seline hakuishika hivyo. Yeye alitumia mkono mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa chapati. Alipika chapati mlangoni pa nyumba yao huko Kianda, Nairobi, miaka na miaka, na sheria yake ilijulikana na kila mteja: mkono wa kulia ni wa chakula, wa kushoto ni wa simu na vitu vya watu, na mikono hiyo miwili haigusani mpaka jiko lizimwe. Basi kidole gumba cha kushoto kilijifunza kila kitu. Kilifungua, kikaandika, kikakata simu, na wakati huohuo wa kulia unageuza chapati bila kuulizwa.

Jeconia alikuwa fundi wa viatu. Asubuhi alipita Olympic, akavuka barabara ya Ngong, akaenda kwa miguu hadi Kawangware, mahali panapoitwa Kongo, akafungua kisanduku chake kando ya ukuta wa ploti ya watu. Kazi ya viatu ni ya mikono miwili. Mmoja unakaza, mwingine unashona. Mtu akizoea hivyo maisha yake yote, hata kijiko anaweza kukishika kwa mikono miwili.

Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani, mama yake Seline alipiga simu kutoka Gem. Ilikuwa simu ya video. Kule nyumbani alishikiwa simu na Eddah, mke wa mwanawe. Huku Kianda, Seline aliinua simu kwa mkono wa kushoto akaendelea na chapati zake. Mama alipenda kuangalia kikaango. Hakuwahi kufika Nairobi. Nairobi aliyoijua ilikuwa lile jiko, ule mlango, na mkono wa mtoto wake unaoingia na kutoka.

Jeconia hakuwahi kuonekana kwenye picha hiyo. Akisikia sauti ya mama mkwe tu, alichukua kofia yake akatoka. Mama mkwe ana heshima yake. Huli mbele yake. Huketi alipoketi. Na kitanda unacholalia wewe na binti yake, hicho haoni kabisa, hata iweje. Jeconia hakuona kwa nini heshima hiyo ipungue eti kwa sababu mama ameingia kwa simu badala ya mlango. Kwa hiyo alisimama pale kwenye mfereji wa maji na wenzake, mpaka Seline aite.

"Baba Tonny! Mama ameenda!"

Ndipo alirudi ndani.

Jina la mama huyo ni Aoko. Jeconia hakuwahi kulitamka.

*

Kifua kilimshika Seline mwezi wa baridi, na hakikumwachilia. Walimzika Ugenya, kwa boma la Jeconia. Mama yake alikuja, akaketi na wanawake, mkongojo magotini. Jeconia alimsalimia kwa mbali, akainamisha kichwa.

Tonny, mwana wao, alirudi Mombasa kazini. Dada yake akarudi kwa mumewe Eldoret. Jeconia akarudi Kianda peke yake, na simu ya Seline ndani ya mfuko wa nguo zake. Tonny alikuwa ameiwekea bando, ili wawe wanaonana na baba.

Jumapili ya kwanza simu ikalia.

Wakati huo Jeconia alikuwa ameketi kitandani na fulana ya ndani, sahani ya wali na maharagwe mapajani. Pazia la kugawa chumba lilikuwa wazi. Tangu arudi hakuona sababu ya kulivuta. Nani angeingia? Kitanda nacho hakikutandikwa, na gauni la Seline la kijani lilikuwa pale kando ya mto, mahali lilipolala kila siku.

Akaona uso wa mama mkwe kwenye kioo. Picha tu, ile Seline aliyoweka. Akataka kuikata. Akaiweka sahani chini, akaishika simu kwa mikono miwili, na kidole kikaangukia penye kijani badala ya penye nyekundu.

Picha ikaanza kutembea. Paji la uso, kitambaa cha kichwani, jicho moja limekaribia sana. Bibi kizee alikuwa anamwangalia. Hakuwa anamwangalia yeye tu. Alikuwa anaangalia fulana, na kitanda, na gauni.

Pazia lilikuwa umbali wa mkono mmoja. Lakini huo mkono mmoja Jeconia hakuwa nao. Yote miwili ilikuwa kwenye simu. Na akili yake ilipotafuta jinsi ya kutoa mmoja ili simu isianguke, haikupata.

Basi akafanya lililokuja. Akaisukuma simu chini ya mto, akaukandamiza mto.

"Jeconia?" mto ukasema. "Jeconia, ni wewe?"

Ndipo alipoona alichofanya. Alikuwa amemficha mama mkwe asikione kitanda. Na akamficha wapi? Kitandani. Chini ya mto wake mwenyewe.

Alitoka mbio na fulana yake mpaka kwenye mfereji. Wanawake wenye ndoo wakamkazia macho. Alisimama pale kwa muda mrefu. Aliporudi, mto ulikuwa umenyamaza.

*

Baada ya hapo hakushika tena. Jumapili ikifika, simu ililia ikatetemeka juu ya meza, na yeye alikaa mlangoni ameipa mgongo mpaka ichoke. Alisema moyoni, mama atakoma. Mama hakukoma.

Mwishowe Eddah alimpigia kwa ile simu ya Jeconia mwenyewe, kabambe ya kubonyeza. Hiyo haikuwa na picha, na Jeconia aliijua. Walisalimiana vizuri. Halafu Eddah akaacha salamu.

"Shemeji, umemfanya nini mama?"

"Nimefanya nini?"

"Anasema umemfungia mlango. Kila Jumapili ananiambia, Eddah piga. Napiga. Hushiki. Anakaa na simu mkononi mpaka chai inapoa."

Jeconia akaiangalia simu ya Seline kule mezani.

"Macho yake yanaenda," Eddah akasema. "La kushoto limeshaenda. La kulia daktari amesema tusingoje mengi. Anachotaka ni kuona pale Seline alipokuwa anapikia. Hilo tu. Anasema aangalie pale mara moja angali anaona."

"Nimesikia."

"Kusikia sio kushika simu, shemeji."

Eddah alikata. Jeconia alibaki ameiangalia kabambe yake. Angemwambia nini? Kwamba mama yako mkwe nimemlaza kwenye mto wangu?

*

Alimwambia Nduta.

Hakupanga kumwambia. Nduta alikaanga chipsi upande wa pili wa njia, hapo Kongo, uso kwa uso na kisanduku cha viatu. Alikuwa mama mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo, na hakuna kitu kilichompita. Siku hiyo alimwona Jeconia ametoa simu ya Seline, ameiweka kwenye viganja viwili, anaitazama bila kuiwasha.

"Mzee, hiyo ni simu ama ni sahani ya ugali?"

"Wacha maneno, Nduta."

"Si unatuonyesha. Unangoja sukuma wiki ije?"

Jeconia akaitia simu mfukoni. Nduta hakucheka. Alimtazama usoni, akachota chipsi kidogo kwenye karatasi, akavuka njia, akaketi juu ya debe la wateja.

"Nini, baba?"

Ikatoka yote. Kwa maneno machache, maana mengi hakuwa nayo. Jumapili, fulana, pazia, mto.

"Ngoja," Nduta akasema. "Ati umeweka nani chini ya mto?"

"Mama mkwe."

"Wa kwako?"

"Kwani nitaweka wa nani?"

Nduta alijaribu kujizuia kwa sababu ya msiba. Alijaribu kweli. Akafunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza, machozi yakatoka, na debe likaanza kulia chini yake. "Woi, Ngai wakwa, Mungu wangu! Pole, mzee. Pole sana. Aki pole. Chini ya mto!" Jeconia alikaza uso. Halafu kitu kikamtekenya mbavuni, na yeye akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ugenya. Kicheko kilimshtua, akakikata.

Nduta alijipangusa. "Sasa si uegemeze simu kwa thamosi, ukae vizuri, muongee?"

"Nilijaribu, Tonny alipopiga. Inaonyesha mabati. Nikiinamisha, inaonyesha kitanda. Nyumba yangu, ukigeukia wapi, kitanda kinakuona."

"Basi toka mlangoni. Si jiko liko mlangoni?"

"Liko."

"Umwonyeshe jiko."

"Baridi?"

Nduta akafikiri. Akaangalia mafuta yake yanayochemka kule ng'ambo. "Hapana. Baridi hapana. Huyo mama amezoea kuona mwanawe akipika. Ukimwonyesha jiko limelala, ni kama umempeleka tena kaburini. Washa. Upike."

"Na simu nitashika na nini?"

"Na mkono! Mungu alikupa mingapi?"

Akamshika mkono wa kushoto, akamgeuza kiganja juu. Akamwekea simu. Jeconia akaleta mkono wa pili upesi. Nduta akaupiga kofi.

"Rudisha!"

Simu ikateleza. Nduta akaidaka kabla haijafika kwenye gundi. Wakajaribu tena. Ikateleza tena. Na kidole gumba nacho kilikuwa shida nyingine. Kilikuwa kigumu kama kisigino, miaka ya gundi juu ya gundi, na kioo hakikukisikia. Alibonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza kwa nguvu, hakuna kitu.

"Kioo kinataka ngozi, mzee, si soli. Nenda ukasugue hicho kidole na jiwe."

"Na kuanguka?"

Nduta aliokota kiatu cha shule cha mtoto kwenye rundo la wateja, akamtupia. Jeconia akakidaka kwa kushoto. Kisigino kikakaa penye kiganja, vidole vinne vikaizunguka soli, gumba likabaki juu, huru, tayari kukagua mshono.

"Umeshika na mikono mingapi?" Nduta akauliza.

Jeconia akatazama mkono wake.

"Basi hivyo. Simu ni kiatu cha mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna mambo mengine." Akasimama, akajipangusa nguo. "Kingine. Unaona hii alama, mishale miwili inafukuzana? Ukiigusa, simu inaacha kukuangalia wewe, inaangalia mbele. Mama ataona jiko. Wewe hatakuona. Heshima yenu itakaa mahali pake."

Alimwonyesha mara kadhaa, huku chipsi zake zikiungua. Mteja mmoja akaita. "Ngoja!" Nduta akamfokea. "Kuna mtu anajifunza huku."

*

Jeconia alikata kipande cha soli, ukubwa wa simu. Ya kweli aliogopa kuivunja. Jioni alitembea nacho kwa mkono wa kushoto, kutoka Kongo mpaka Kianda, gumba likipanda na kushuka juu ya mpira mweusi. Asubuhi akatembea nacho kurudi. Alikunywa chai nacho. Alifunga mlango nacho. Akajifunza kwamba kidole cha mwisho ndicho kinachobeba mzigo, na kwamba ukikaza sana mkono unachoka kabla ya kazi.

Pale Olympic vijana wa bodaboda wakamwona.

"Niaje, mzee! Unapigia nani na soli?"

"Mama mkwe," Jeconia akasema, akapita.

Gumba alilisugua kwa jiwe la miguu la Seline, pale kwenye beseni, kila jioni. Ngozi ya chini ilikuwa laini, nyekundu kidogo. Aliigusa kwa kidole kingine. Hakuwa ameiona tangu ujana.

Chapati hakuwahi kupika. Kazi yake ilikuwa kuwasha jiko na kupepea. Lakini mtu hawezi kukaa kando ya kitu miaka yote hiyo asijue maji yanaingia lini na chumvi inaingia lini. Alikanda, akaharibu. Akakanda tena. Za kwanza zilikuwa ngumu kiasi kwamba alisema moyoni angeweza kushonea viatu. Alizila zote.

*

Jumapili alivaa shati jeupe na koti, ingawa hakuna mtu angemwona. Alitandika kitanda. Gauni la kijani alilikunja, akaliweka ndani ya sanduku, akasimama kidogo na mkono juu ya kifuniko. Kisha akavuta pazia, akalibana kwa vibanio vya nguo, juu mpaka chini.

Akatoa jiko mlangoni. Akaweka kile kigoda kifupi cha Seline mahali pake, naye akachuchumaa kando yake. Kukikalia hakuweza. Makaa yakashika. Kikaango juu. Madonge ya unga yamepangwa kwenye sinia, moja limeshasukumwa.

Simu ikalia.

Kiganja chini, vidole vinne, gumba juu. Gumba likagusa kijani. Kioo kikamsikia.

Uso ukatokea. Jicho moja lilikuwa na wingu jeupe. La pili lilikuwa likitafuta. Kwa kufumba na kufumbua waliangaliana, mkwe na mama mkwe, na Jeconia akajikuta ameinamisha kichwa palepale, simu ikabaki inaonyesha kofia. Akatafuta ile mishale. Akagusa. Kofia ikaondoka, jiko likaingia.

"Mama," Jeconia akasema. "Habari ya nyumbani."

"Ni nzuri." Sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka kutoka kule nje, penye mfereji. "Hilo ndilo jiko?"

"Ndilo."

"Na huo mlango?"

Akaisogeza simu polepole. Ikataka kuteleza, kidole cha mwisho kikaibeba. Mlango wa bati, rangi ya buluu iliyobanduka. Pale chini Seline alipokuwa anaegemeza kifimbo cha kusukumia. Msumari wa kutundika leso. Kigoda.

"Ngoja hapo," mama akasema. "Usiondoke hapo."

Jeconia hakuondoka. Alisikia kitu upande ule, pumzi ya mtu anayepenga kamasi. Alidhani ni mama. Ilikuwa Eddah.

"Alikuwa anakalia hicho kidogo hivyo?" mama akasema. "Na mwili wake wote ule?"

"Hakutaka kingine. Nilimnunulia kiti, akakiuza."

"Huyo ni yeye," mama akasema. "Huyo ni yeye kabisa."

Jeconia akarudisha simu penye kikaango. Akachukua chapati kwa mkono wa kulia, akaitandaza. Ilikaa vibaya kidogo, upande mmoja umejikunja. Akaivuta kwa vidole kama alivyoona ikivutwa. Mafuta yakalia.

Alikuwa na neno moja la kusema, na alilibeba wiki hizo zote. Alilisema akiangalia moto.

"Mama, ile siku. Nilikukosea. Nilikuweka mahali pabaya."

"Mahali gani?"

Jeconia akaizungusha chapati kwenye kikaango.

"Mimi niliona giza tu," bibi kizee akasema. "Ulikuwepo, halafu giza. Nikamwambia Eddah, haya, sasa yameenda yote mawili. Nikaanza kuaga. Nikaaga ng'ombe, nikaaga mwembe, nikaaga na yeye Eddah. Eddah akaniambia, mama tulia, sio macho, ni mkwe wako."

Eddah alicheka huko nyuma kwa sauti ya kilio. Bibi kizee naye akacheka, kicheko cha puani, kifupi. Jeconia alikijua kicheko hicho. Alikisikia kila asubuhi ndani ya nyumba hii, na hakujua kwamba kilikuwa na mahali kilikotoka.

Mkono wa kushoto haukuteleza tena. Ulikuwa umeshika. Lakini macho yalikuwa yamejaa, jiko likawa haliko sawa, makaa yakawa maji mekundu. Akapeleka mkono wa kulia usoni. Akaukaza pale. Hakutoa sauti. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kando ya chapati.

"Jeconia."

"Naam, Mama."

"Inaungua. Huo mkono mwingine unafanya nini?"

Akaushusha. Akageuza.